Neno Ambalo Halikuvuka Got Ochuoga

Got Ochuoga si kilima cha kujivunia. Mgeni anayepita kwa lami kutoka Katito hakioni mpaka aonyeshwe, na akionyeshwa huuliza, "Kile?" Ni mgongo wa mawe na vichaka, na mtu mwenye miguu mizuri hukipanda kwa nusu saa bila kupumzika. Jina lake limetokana na ochuoga, tunda dogo jeusi ambalo watoto hulila mpaka midomo ikanata. Juu kabisa kuna jiwe bapa. Ukisimama hapo ukatazama magharibi unaona ziwa, mstari tu. Ukigeuka unaona mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa wa watu wa upande wa pili.

Sisi tulioko bondeni tunaitwa watu wa chini. Wao ni watu wa juu. Majina mengine yapo, ya makabila, na wakati ule yalitumika sana. Mimi nimechoka nayo.

Mimi ni mfinyanzi. Nilizaliwa Seme, nikaolewa hapa, na ndiyo sababu mpaka leo naitwa Nyar Seme, binti wa Seme, ingawa meno yameanza kunitoka nikiwa hapa hapa. Udongo wangu nilikuwa nikiuchimba chini ya kilima, upande wetu, mahali ambapo maji ya mvua hutulia. Ni udongo mweusi, hauna changarawe, na ukiupiga vizuri hauna ubishi.

Jumatatu ile nilikuwa shimoni nachimba. Baba mkwe wangu, Mzee Onduru, alikuwa amefariki juma lililotangulia, na maiti yake ilikuwa mochari Kisumu. Sitasema tulikuwa na huzuni kubwa. Alikuwa amekula chumvi nyingi, ameona vitukuu, alikufa akiwa amelala. Kifo kama hicho mtu hukiombea. Mume wangu Okelo, mwana wa kiume wa kwanza wa nyumba ile, alikuwa akitembea na daftari la mipango na kujifanya mtu mkubwa, nami nilimtania kwamba sasa atataka kuamkiwa kwa magoti.

Chepkemoi aliteremka na mtungi wake wa maziwa kama alivyofanya kila Jumatatu. Alikuwa rafiki yangu kwa miaka mingi. Mimi nilimpa vyungu, yeye alinipa maziwa ya mgando na mahindi, na lugha yetu ilikuwa Kiswahili cha kuvunjavunja ambacho mwalimu angekisikia angelia.

"Mama Akinyi, pole ya mzee."

"Asante. Tumeshapoa."

"Sasa ng'ombe zinakuja lini?"

Swali hilo linahitaji maelezo. Kwetu, mzee akifa, kifo hakiachwi kikae nyumbani kwake na kuzoea. Asubuhi ya mazishi wanaume hukusanya ng'ombe, hushika mikuki na marungu, hujifunga majani ya mimea itambaayo kichwani na kiunoni, hupuliza pembe, na kukimbia wakipiga kelele mpaka mpakani. Wanakifukuza kifo. Wakifika huko huchoma mikuki hewani, hukitukana, halafu hurudi nyumbani wakiimba. Tunaita tero buru. Mpaka wetu ulikuwa Got Ochuoga, na mbio hizo ziliishia kwenye lile jiwe bapa.

Sasa jiweke upande wa pili. Unakamua ng'ombe wako, unainua macho, unaona wanaume mia moja wenye mikuki wanatokea mgongoni mwa kilima kwa vumbi na kelele. Ungefanya nini? Kwa hiyo tangu zamani za kale kulikuwa na kanuni: kabla ya buru, neno livuke kilima. Litaje siku. Na neno hilo lilipitia kwa wanawake, kwa kuwa sisi ndio tuliokutana. Mama mkwe wangu alilipeleka miaka yote, magoti yalipomshinda akaniachia mimi.

"Ijumaa," nilimwambia Chepkemoi. "Asubuhi, kabla jua iwe kali. Ambia watu yako wasishtuke."

"Nitaambia. Na Kiprono ataambia hao vijana wenzake. Siku hizi vijana iko moto sana."

"Hata yetu."

Kiprono alikuwa mwanawe wa kwanza, mtu mzima aliyekuwa na mke tayari. Tulicheka, akachukua chungu chake, akapanda. Nilimtazama mpaka kitambaa chake kikapotea kwenye vichaka. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayoweza kuiita siku ya kawaida.

Jumatano jioni mazishi yalisogezwa. Dada mkubwa wa Okelo alikuwa akifanya kazi ya nyumba Milimani, kwa watu wenye magari mawili na bustani ya kukatwa kwa mashine. Tajiri wake alikuwa na wageni. Alimwambia ataondoka Ijumaa jioni, hakuna mjadala. Binti wa kwanza hawezi kukosa kumzika baba yake, basi wazee wakakubaliana: Jumamosi. Kwa ajili ya chakula cha wageni wa mtu fulani Milimani, siku ikahama.

Mama mkwe aliniita kando. "Nyar Seme, wale wa juu wajue."

"Watajua, Mama."

Alhamisi adhuhuri nilimpigia Chepkemoi simu. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara ya tatu pia iliita mpaka ikakata. Nikasema nitapanda jioni. Jioni wakaja ndugu za mama mkwe kutoka Awasi, watu ishirini na kitu wenye njaa ya safari, nikawa jikoni. Nikasema nitapanda kesho asubuhi.

Ijumaa asubuhi mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwa. Nilikuwa na vyungu kumi na tisa vilivyokauka, vinangoja moto. Mvua ikivinyeshea, kazi ya mwezi mzima inarudi kuwa tope. Kuna waliosema si vizuri kuchoma vyungu maiti ikiwa njiani kuja. Niliwaambia marehemu mwenyewe alipenda maji ya chungu. Nikapanga kuni, nikafunika kwa nyasi na kinyesi cha ng'ombe, nikawasha, nikakaa hapo nikiulinda moto mpaka saa tisa. Moto wa vyungu hauachwi.

Vilitoka vizuri. Hata kimoja hakikupasuka. Nilifurahi sana, nakumbuka, niliita watu waje waone.

Jioni ile maiti ilifika, na wifi yangu akiwa nayo. Nikiwa nimebeba sinia la ugali na nyama, shemeji yangu Ogola, mdogo wa Okelo, alinisimamisha.

"Nyar Seme, wale wa juu wanajua ni kesho?"

"Nilipiga simu," nikasema.

Sikudanganya. Simu nilipiga. Akaitika kwa kichwa, akachukua nyama kwenye sinia, akaenda zake. Kila nikikumbuka vita vile, sianzi na mishale. Naanza na sinia lile.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Usiku wa kuamkia Alhamisi, ng'ombe wawili wa watu wa juu walipotea. Nani aliwachukua, mpaka leo hajulikani. Vijana wao walisema ni sisi. Chepkemoi alikuwa amelifikisha neno langu, kwa hiyo Ijumaa asubuhi walikaa juu ya kilima wakitungoja, wakijua tunakuja na ng'ombe wetu, watatukagua kama ng'ombe wao wamo. Wakangoja mpaka mchana. Hatukuja. Mmoja wao akasema: tumedanganywa. Wametaja Ijumaa ili tuchoke Ijumaa, waje siku nyingine tukiwa tumelala. Na mtu mwenye hofu akipewa maelezo kama hayo hayatupi.

Jumamosi walikuwa bado kilimani. Walikuwa wamelala chini kwenye vichaka vya ochuoga, na pinde.

Asubuhi ilikuwa safi, mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Okelo alibeba mkuki wa baba yake, ule wenye kutu, na alikuwa amejifunga majani mpaka akafanana na kichaka kinachotembea. Nilimcheka. Akaniambia, "Leo usinicheke, leo mimi ndiye Onduru." Pembe ikalia, ng'ombe wakasukumwa nje ya boma, wanaume wakaondoka mbio.

Sisi wanawake tuliwafuata mpaka kwenye shimo langu la udongo. Hapo ndipo tunaposubiri, tuwapokee wakirudi. Tulikuwa tunapiga vigelegele.

Kundi lilipanda kilima. Ng'ombe walikuwa mbele.

Fahali mweusi wa marehemu alifika kwenye jiwe bapa, akasimama, akapiga magoti.

Nilidhani amejikwaa.

Wanaume wetu hawakusimama. Walidhani hivyo hivyo. Walikuwa wakipiga kelele za buru, wakitupa mikuki juu, na huko juu ya jiwe kila kelele yao ilisikika kama ya vita. Ningekuwa kule kichakani na mimi ningeamini.

Nikasikia sauti ya mtu. Haikuwa ya wimbo.

Halafu wakaanza kuteremka, si kwa njia waliyopandia, bali popote. Majani yao yalikuwa yakidondoka njiani. Mmoja alipita karibu nami na mshale begani, macho yake hayakuniona.

Nikawatazama mmoja mmoja. Natafuta mtu aliyefanana na kichaka.

Ogola alifika akiwa na damu isiyokuwa yake. Nikamshika shati. "Okelo yuko wapi?"

Aliwageukia wanaume, akapaza sauti: "Walijua! Nyar Seme aliwapigia simu, waliambiwa ni leo! Wamejua ni buru na wametupiga wakijua!"

Wanaume wakanitazama.

Ningesema nini? Maneno yalikuwa machache: hawakushika simu, hawajui. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mume wangu alikuwa juu kule, na watu wote hawa walikuwa wamepanda kwa kuniamini mimi, na niliogopa. Naliandika hivyo hivyo, niliogopa. Nikanyamaza. Wanaume wakalichukua lile "walijua" wakaondoka nalo, na kabla ya saa sita walikuwa wametafuta mikuki isiyo na kutu.

Vita vile vilichukua siku tisa. Mtu aliyeko mjini husema "machafuko," lakini sisi tuliona vita. Nyumba za juu ziliungua, na za chini ziliungua. Mahindi yaliungua yakiwa mabichi, na harufu yake ilikuwa nzuri, jambo lililonichukiza. Moshi ulikaa juu ya kilima ukashindwa kuamua uende upande gani. Vijana wetu walienda wakirudi, kisha wengine wakawa hawarudi, na kila walipoondoka nilisikia neno lile: walijua, walijua. Lilikuwa limekuwa wimbo.

Mchana wa Jumamosi ile ile tulikimbilia Katito. Mama mkwe nilimbeba mgongoni sehemu ya njia, sehemu nyingine akaburutwa kwenye mkokoteni wa maji. Tulipewa sehemu kwenye uwanja wa kanisa. Jeneza la Mzee Onduru tuliliacha chini ya turubai, uani, kando ya kaburi lililo wazi. Hakukuwa na mtu wa kulibeba. Mama mkwe alikaa siku tisa akiuliza jambo moja tu, kama mvua imenyesha nyumbani.

Mimi nilikuwa na swali jingine, na sikumwuliza mtu. Kulikuwa na wanaume waliosema walimwona Okelo akianguka, na wengine waliosema walimwona akikimbilia upande wa kusini. Niliwaamini hawa wa pili. Nilimpikia. Kila jioni uwanjani pale nilimwekea fungu lake kwenye bakuli, nikalifunika, na asubuhi nikawapa watoto wa watu. Akinyi, binti yetu, aliniona, akawa ananioshea bakuli.

Siku ya kumi askari waliingia kwa malori, wazee wa pande zote wakaitwa wakae chini, na sisi tukasindikizwa kurudi. Okelo alikuwa palepale, hatua chache kutoka kwenye jiwe bapa. Nilimtambua kwa mkuki wa baba yake, ulikuwa chini yake. Majani yake yalikuwa yamekauka.

Mwana hazikwi kabla ya baba yake. Asubuhi tulimzika Mzee Onduru, ambaye alikuwa amengoja siku tisa chini ya turubai, na mchana tukamzika Okelo. Kwa wote wawili hakuna aliyekimbia na ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wamekwisha, na kilima kilikuwa na askari. Yule aliyekwenda kukifukuza kifo cha baba yake, cha kwake hakuna aliyekifukuza. Kwa muda mrefu nilikihisi nyumbani kwangu, kimekaa karibu na mlango, kimezoea.

Vyungu vyangu kumi na tisa nilivikuta vizima vyote kwenye nyumba iliyoungua paa. Nilivivunja mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mchi. Majirani walidhani ni msiba umenipanda kichwani. Niliwaacha wadhani.

Miaka ikaenda. Sikufinyanga tena, nikauza dagaa. Wazee wa pande mbili walikula kiapo, soko la pamoja likafunguliwa, watu wakaanza kusalimiana kwa mbali, halafu kwa karibu. Kilima peke yake hakuna aliyekipanda. Vichaka vikafunga njia.

Mwaka jana alifariki mzee mmoja wa ukoo, wa mwisho wa rika la Mzee Onduru. Vijana wakasema atapelekewa buru, mpaka kwenye jiwe kama zamani, la sivyo tuseme hatuna mpaka wala mila. Wazee wakabishana, wakakubali. Kisha wakanitazama. Mama mkwe alikwisha kufa, kazi ya kupeleka neno ilikuwa bado yangu. Hakuna aliyewahi kuniondolea.

Kabla ya kupanda nilimfuata Ogola zizini. Nilimwambia yote, simu iliyoita bila kushikwa, vyungu, sinia. Alikuwa ameshika kamba ya ndama. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Na mimi nikapiga kelele," akasema.

Mpaka leo tunasalimiana, lakini hajawahi tena kula kwangu, na simlaumu.

Nilipanda kwa zaidi ya saa moja, na panga mkononi kukata vichaka. Kwenye jiwe sikusimama. Chepkemoi nilimkuta anapura maharagwe mbele ya nyumba mpya ya bati. Alikuwa mwembamba. Akanisogezea kigoda.

"Mama Akinyi."

"Mama Kiprono."

Alishtuka kidogo kwa jina hilo, na nikajua kabla hajasema. Kiprono hakuwepo tena. Alikufa siku ya pili ya vita, mtoni.

Nilimwambia kwamba Alhamisi ile nilimpigia mara tatu, kisha sikupanda. Kwamba nilibaki nachoma vyungu. Nilisema haraka haraka, kabla roho haijarudi nyuma.

Aliendelea kuchambua maganda ya maharagwe. "Hiyo simu iliita," akasema. "Nilikuwa nayo kwa mkono. Niliona jina yako."

"Uliona?"

"Vijana walikuwa hapa, wamejaa. Ng'ombe imepotea, wanasema mtu akiongea na watu wa chini ni yeye anauza sisi. Kiprono pia alikuwa hapo, ananiangalia. Nikaogopa. Nikaweka simu chini ya hii kanga mpaka ikanyamaza." Akafuta mikono. "Nilisema, Mama Akinyi atakuja. Akiona sishiki, atapanda."

Sikulia, na yeye hakulia. Nilitaka kumchukia na nikashindwa, nikataka kujisamehe na hilo pia likanishinda. Alinipa maziwa ya mgando kwenye chungu chenye ufa kwenye mdomo. Nilikijua. Kilikuwa cha mkono wangu, kile alichopanda nacho Jumatatu ile.

Nilipoinuka aliniuliza, "Sasa ni siku gani?"

"Alhamisi. Asubuhi."

"Na ikibadilika?"

"Nitapanda."

Siku haikubadilika. Hata hivyo Jumatano nilipanda tena.